Limejikunja, Limepauka au Linachunika? Namna ya Kutambua Kinacholisumbua Tumbawe la Tangi la Nyumbani

Mwezi Aprili 2024, NOAA, shirika la Marekani linalofuatilia hali ya bahari na angahewa, lilitangaza kwamba dunia ilikuwa imeingia katika wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe. Tangu hapo habari za kupauka zimesikika mara kwa mara redioni na magazetini, na wafugaji wa matumbawe katika matangi ya nyumbani, iwe ni Muscat, Dubai, London au Toronto, wameanza kuita kila badiliko wanaloliona kwa jina hilo moja. Polipu, yaani wanyama wadogo wanaounda tumbawe, wakikataa kufunguka kwa siku mbili, limepauka; ncha za matawi zikiwa nyeupe, limepauka; nyama ikitoka kwenye kiunzi na kuacha chokaa tupu, nalo limepauka. Mambo haya ni tofauti, chanzo chake si kimoja, na tiba inayolifaa tumbawe moja yaweza kuwa ndiyo inayoliua jingine. Makala hii inajaribu kuyatenganisha, kwa sababu matumbawe mengi ya nyumbani hufa mikononi mwa watu wanaoyapenda na wanaofanya haraka kuyasaidia.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni koloni la wanyama wadogo waitwao polipu, walio jamaa wa konyeza. Kila polipu ni kifuko laini chenye mdomo mmoja kwa juu, unaopokea chakula na kutoa taka, na mdomo huo umezungukwa na minyiri yenye seli zinazochoma. Katika matumbawe magumu, polipu hujijengea kikombe cha chokaa chini yake na kujificha humo anapohisi hatari. Tishu nyembamba humwunganisha na jirani zake wote, na hii ndiyo sababu jeraha la upande mmoja huweza kutambaa hadi koloni zima likaisha. Ndani ya tishu hizo huishi mwani wa seli moja ambao, kwa njia ya usanisinuru, hutengeneza sukari na kumpatia polipu sehemu kubwa ya nishati yake, katika aina nyingi hata kufikia asilimia 90. Rangi ya kahawia tunayoiona kwenye matumbawe hutokana na mwani huo. Kijani kinachong'aa, zambarau na waridi mara nyingi ni protini za tumbawe lenyewe.

Ukishaelewa kwamba kuna viumbe wawili wanaoishi pamoja juu ya kiunzi kimoja, dalili zinaanza kusomeka. Tumbawe lililojikunja lina polipu wake na lina mwani wake, ila polipu wameingia vikombeni na hawataki kutoka. Tumbawe lililopauka bado lina polipu, lakini mwani umeondoka, hivyo tishu zimekuwa angavu na weupe wa kiunzi unaonekana kupitia ndani yake. Tumbawe linalochunika halina tena tishu mahali palipo peupe: kiunzi kiko wazi, na kati ya sehemu hai na sehemu iliyokufa kuna mpaka mkali unaoweza kuufuata kwa kidole, ingawa ni afadhali usiliguse. Hali ya nne, ambayo watu huiogopa bila sababu kubwa, ni tumbawe lenye rangi kugeuka kahawia. Hilo kwa kawaida limeongeza mwani ndani yake, ama kwa sababu mwanga ni hafifu, ama kwa sababu maji yana virutubisho vingi, na linaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu.

Njia rahisi ya kutofautisha kupauka na kuchunika ni kusubiri usiku. Zima taa za tangi, acha saa moja ipite, kisha angalia sehemu nyeupe kwa tochi na kioo cha kukuzia. Ukiona minyiri midogo iliyo angavu imenyooshwa, mnyama yu hai na ana njaa. Ukiona vitundu vya chokaa vyenye kingo kali na hakuna kinachotikisika, hapo hakuna mnyama tena. Uchunguzi huo hauhitaji gharama, nao ungepaswa kutangulia dawa yoyote.

Kujikunja peke yake si ugonjwa. Aina nyingi za matumbawe magumu hufunguka usiku, wakati vijidudu vinavyoelea majini vinapopanda juu. Tumbawe la ngozi, la jenasi ya Sarcophyton, hufunga polipu wake kwa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki, likawa na sura ya kitu kilichokufa, kisha likavua utando mwembamba kama nta na kufunguka likiwa limetakata. Wapo wanaolitupa katika siku hizo. Tumbawe lililohamishiwa tangi jipya nalo hujikunja, na pia lile linalodonolewa na samaki, linalopigwa moja kwa moja na mkondo wa pampu au linaloguswa na minyiri ya jirani yake. Kujikunja kunatia wasiwasi pale kunapokumba koloni za aina mbalimbali kwa wakati mmoja. Koloni moja likifunga huku mengine yakiwa wazi, chunguza mahali lilipokaa. Yakifunga yote, chunguza maji.

Katika kuchunguza maji, swali lenye manufaa kuliko yote ni hili: nini kimebadilika katika wiki mbili zilizopita? Mtu anaweza kuwa na kipimo kilicho chini kidogo ya kile kilichoandikwa vitabuni na matumbawe yake yakastawi kwa miaka, kwa sababu yamekizoea. Mwingine ana vipimo vyote vizuri leo, lakini juzi vilikuwa vingine na wiki iliyopita vingine tena, na matumbawe yake yanachunika. Polipu huvumilia upungufu wa wastani kuliko kuyumbayumba. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa chupa za dawa na virutubisho hawalisemi vya kutosha.

Kiwango cha chumvi ndicho cha kwanza kupimwa, kwa kuwa kikiwa na makosa vipimo vingine vyote hupoteza maana. Maji ya bahari ya wazi yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, na tangi linapaswa kukaa karibu na hapo. Mchuzi ulioachwa motoni hupungua maji na kubaki na chumvi yote, na ndivyo ilivyo kwa tangi: maji hupanda hewani, chumvi haipandi. Kwa hiyo pengo linalotokana na mvuke hujazwa kwa maji matamu yaliyosafishwa. Anayejaza pengo hilo kwa maji ya chumvi huongeza chumvi kila wiki bila kujua, na baada ya miezi michache hushangaa kwa nini matumbawe yamefunga. Chombo cha kupimia nacho kina hila zake. Haidromita ya plastiki yenye mkono hudanganya kiputo kimoja cha hewa kinaponasa kwenye mkono huo, na rifraktomita, chombo kinachosoma chumvi kwa namna mwanga unavyopinda majini, inapaswa kusahihishwa kwa kimiminika maalumu cha chumvi 35, kwani ile iliyosahihishwa kwa maji matamu peke yake inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea pale unapoihitaji. Kosa likigundulika, lirekebishwe polepole kwa siku kadhaa.

Hapa tunafika kwenye jambo linalowachanganya watu zaidi kuliko mengine, nalo ni ualkali. Ualkali ni uwezo wa maji kuizimua asidi, na katika maji ya bahari uwezo huo hutokana hasa na bikaboneti, yaani ile malighafi ambayo polipu huichukua pamoja na kalsiamu ili kujenga kiunzi. Hupimwa kwa kipimo kiitwacho dKH. Bahari ya asili ina karibu 6.5 hadi 7. Matangi mengi huwekwa kati ya 7 na 10. Watu huuchanganya na pH, lakini pH hupanda na kushuka kila siku kufuatana na mwanga na hewa ya ukaa iliyomo chumbani, ilhali ualkali unapaswa kubaki palepale siku hadi siku.

Kwa nini ualkali huanguka wakati kalsiamu inaonekana haijaguswa? Jibu liko kwenye hesabu. Tumbawe linapojenga kiunzi, kwa kila dKH 2.8 linazotumia huchukua takriban miligramu 20 tu za kalsiamu kwa lita. Tangi lenye kalsiamu 420 likishuka hadi 400, mpimaji huona ni tofauti ndogo na kuipuuza. Tangi hilohilo, kama lilikuwa na ualkali wa 8, sasa lina 5.2, yaani limepoteza zaidi ya theluthi. Anayepima kalsiamu peke yake huambiwa mambo ni shwari huku polipu wake wakikosa malighafi. Kwa sababu hiyo, kama una fedha za kununua kifaa kimoja tu cha kupimia zaidi ya kile cha chumvi, nunua cha ualkali, upime saa ileile ya siku, na uandike.

Hatari nyingine huja wakati wa kusahihisha. Mtu anakuta 5.2, anaingiwa na hofu, anamimina soda kaboneti hadi 9 kwa jioni moja, na kesho yake matumbawe ya Acropora yanaanza kuvuliwa nyama kutoka chini kwenda juu. Kupandisha dKH 1 kwa siku kunatosha, na pungufu ya hapo ni salama zaidi. Hata kubadilisha maji, tendo linalosifiwa kuwa dawa ya kila kitu, kunaweza kuleta mshtuko huohuo: ziko chapa za chumvi zinazotoa maji yenye ualkali wa 11 au 12, na mwenye tangi la 7.5 anayebadilisha nusu ya maji kwa mara moja amelisukuma tangi juu bila kukusudia. Ni vizuri kuyapima maji mapya kabla hayajamiminwa. Magnesiamu nayo, ambayo hukaa karibu na miligramu 1,300 kwa lita, isipopimwa kwa muda mrefu ikashuka sana, chokaa huanza kuganda yenyewe juu ya hita na pampu, na kila unachoongeza huishia kwenye ganda hilo jeupe.

Mwanga ndio chanzo cha kawaida cha kupauka kwa kweli katika matangi ya nyumbani. Mwani ulio ndani ya tishu ukipigwa na mwanga kupita uwezo wake huzalisha aina za oksijeni zenye madhara, na polipu hulazimika kuufukuza mwani huo. Kisa kinachojirudia ni cha mtu aliyebadilisha taa za zamani na kuweka taa mpya za LED. Taa hizo huelemea kwenye rangi ya bluu, ambayo macho yetu huiona kuwa hafifu, hivyo mwenye tangi huona mwanga umepungua na kuuongeza, wakati mwani unapokea mwanga mwingi kuliko mwanzo. Taa mpya zianze kwa nusu ya nguvu au chini yake, zipandishwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Tumbawe lililokwisha kupauka lipelekwe penye mwanga wa chini, lakini lisiwekwe gizani kabisa, kwa kuwa mwani wachache waliosalia wanahitaji mwanga ili waongezeke. Na lilishwe: vijidudu vidogo vinavyoelea, vikitolewa jioni minyiri inapofunguka, hufidia sehemu ya chakula ambacho mwani haukitoi tena.

Joto hufanya kazi pamoja na mwanga, na hapa tangi la nyumbani linafanana na bahari. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yakapauka na kufa. Kwa matumbawe mengi, nyuzi moja tu ya Selsiasi juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, ikidumu wiki kadhaa, inatosha kuleta kupauka. Ni kweli kwamba katika Ghuba, maji ya kiangazi hupita nyuzi 34 na yapo matumbawe yanayoishi humo, lakini hayo yamerithi ustahimilivu huo kwa vizazi, na kipande kilichonunuliwa dukani Dubai huenda kilitoka Indonesia au Australia. Tangi likae kati ya nyuzi 24 na 27. Feni inayopuliza juu ya maji huweza kuyashusha joto kwa nyuzi mbili au zaidi, ila itaongeza mvuke na kukurudisha kwenye suala la chumvi. Umeme ukikatika, oksijeni ndiyo inayoisha mapema. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri huokoa tangi zima kwa gharama ndogo.

Imani kwamba maji safi kabisa ndiyo maji bora imeua matumbawe mengi. Naitreti na fosfeti zikizidi, mwani wa kawaida hufunika mawe na matumbawe hugeuka kahawia, na hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayojulikana. Sehemu isiyojulikana ni kwamba mwani ulio ndani ya tumbawe nao ni mwani, na unahitaji virutubisho hivyohivyo. Tangi ambalo naitreti na fosfeti zote zinasoma sifuri kwa muda mrefu huwa na matumbawe yaliyofifia rangi na tishu nyembamba, na mara nyingi huvamiwa na ute wa kahawia wenye vipovu unaotokana na viumbe wa seli moja wanaostawi wapinzani wao wanapokosa chakula. Naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, huyafaa matangi mengi. Anayetaka kushusha fosfeti kwa kichujio cha chembechembe za chuma aanze na kiasi kidogo, kwa sababu kuiondoa yote kwa siku chache ni mshtuko kama ule wa ualkali.

Chanzo cha maji yenyewe kisisahauliwe. Maji ya bomba huja na klorini, mara nyingine kloramini, na huweza kubeba shaba kutoka kwenye mabomba. Yanapaswa kupitishwa kwenye mtambo unaoyachuja kwa kuyasukuma kupitia utando mwembamba, na kwenye kichujio cha mwisho, kabla ya kutiwa chumvi. Wanaoishi pwani huona ni busara kuchota baharini moja kwa moja, lakini maji ya ufukweni karibu na bandari, mdomo wa mto au mji mkubwa, hasa baada ya mvua, si yale ya kwenye mwamba wa nje.

Maji yakiwa sawa na mwanga haujabadilika, ndipo wadudu na magonjwa hufikiriwa. Tochi ya usiku hutumika tena. Acropora yenye madoa mviringo yaliyofifia, kama alama za kuumwa, huenda ina minyoo bapa wanaofanana nayo rangi kiasi cha kutoonekana. Montipora inayoliwa kutoka pembeni huenda ina koa weupe wadogo upande wa chini. Kuchovya tumbawe kwenye dawa huwaangusha wadudu wakubwa lakini hakuui mayai, hivyo sehemu ya chini yenye mayai hukatwa na uchunguzi hurudiwa kwa wiki kadhaa, vyema zaidi katika tangi la karantini. Kwa Euphyllia, tumbawe gumu lenye vichwa vikubwa vya minyiri, ute wa kahawia unaofanana na jeli juu ya kichwa kimoja ni dharura: kichwa hicho hunyonywa ute kwa mpira, hutolewa majini na kukatwa siku hiyohiyo, kilichobaki kikachovywa kwenye iodini. Dawa za samaki zenye shaba zisitiwe kamwe ndani ya tangi lenye matumbawe. Zinazomponya samaki huua polipu, kaa na konokono.

Lipo onyo moja ambalo haliwahusu polipu bali wanaowatunza. Baadhi ya matumbawe laini ya kundi la zoanthidi, hasa Palythoa, yana palitoksini, sumu ambayo wanasayansi waliitenga mwaka 1971 kutoka kwa kiumbe wa kundi hilo aliyepatikana Hawaii, na ambayo ni miongoni mwa sumu kali za asili zinazojulikana. Mtu anapoona jiwe limejaa polipu waliooza au wasiotakiwa, hujiwa na wazo la kulichemsha au kulisugua kwa maji ya moto. Mvuke wake ukivutwa huleta ladha ya chuma mdomoni, homa, kikohozi na kushindwa kupumua. Mwaka 2018, huko Oxfordshire, Uingereza, familia moja pamoja na waokoaji waliofika nyumbani kwao walipelekwa hospitali baada ya sumu hiyo kutoka kwenye tangi lililokuwa likisafishwa. Hakuna dawa mahususi ya kuizima. Zoanthidi wakatwe chini ya maji, kwa glavu na miwani, mtu asiwe na kidonda mkononi, na watoto wasiwepo chumbani.

Koloni likifa, haifai kulifidia kwa kipande hai kutoka baharini. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na katika hifadhi kama Watamu, Chumbe na Mafia ni marufuku kuyang'oa. Tena kipande kilichokuzwa ndani ya tangi kimeshazoea taa na maji ya nyumbani, na kwa kawaida huvumilia kuhamishwa vizuri zaidi.

Kuhusu muda wa kupona, matarajio yawe ya kweli. Polipu waliojikunja kwa ajili ya kuhamishwa hufunguka ndani ya siku chache. Tumbawe lililopauka likiwa na tishu nzima huanza kurudisha rangi baada ya wiki kadhaa, na kukamilika kwaweza kuchukua miezi. Rangi ya kwanza kurudi ni kahawia, na hiyo ni habari njema hata kama si rangi uliyoinunua. Kiunzi kilichochunika hakirudishi nyama mahali pake, lakini ukingo ulio hai, uchunikaji ukisimama, huweza kukua na kukifunika upya, mradi mwani wa kawaida haujakitangulia. Kwa hiyo chukua picha ya ukingo huo kila baada ya siku mbili, chini ya taa ileile, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Mpaka ukiwa umesogea kati ya picha na picha, kata tawi sentimita moja au mbili ndani ya sehemu yenye afya na uokoe kipande hicho. Usiposogea kwa wiki mbili, acha mikono yako nje ya maji.